Dondoo Muhimu: Kutambua Mawe ya Majengo Daraja Mbili

Anayetaka kutambua mawe ya majengo katika eneo la Daraja Mbili, mjini Kisii, na aanze na misingi na kuta za kuzuia udongo, kwa kuwa huko jiwe huachwa wazi ilhali sehemu za juu hufunikwa kwa plasta na rangi. Jiwe likaguliwe penye mpasuko mpya, likilowa ni bora zaidi, kwani uso mkongwe hubadilishwa rangi na mvua na jua. Basalti, yaani mwamba uliotokana na lava iliyopoa upesi, ni ya kijivu iliyokolea na chembe zake hazionekani kwa macho. Kwarzaiti, ambayo ni jiwe la mchanga lililoshikamana kabisa na ndiyo inayojenga mwinuko wa Manga, hukwaruza kioo. Jiwe la sabuni la eneo la Tabaka, mashuhuri zaidi kwa vinyago, huchubuka kwa kisu bila taabu na kuacha unga laini kidoleni. Tofali jekundu ni udongo uliochomwa, si jiwe. Majaribio hayo yafanywe kwenye vipande vilivyoanguka au marundo ya kokoto, kwa idhini ya mwenyewe, kamwe si kwenye ukuta wa mtu.