SOKO LA MKESHA WA IDI, UJIJI

1. Baridi ya kwao na baridi ya kwetu

Katika nchi nyingi za dunia, siku za kukaribia sikukuu watu hukusanyika sokoni kununua vitu vya karamu. Huko Dresden, mji wa Ujerumani, soko la Noeli lilianza mwaka 1434, nalo hufanyika hata leo. Hufanyika nje, katika uwanja wa mji, wakati wa baridi kali, na watu huja wamevaa makoti mazito.

Sisi nasi tunayo masoko yetu ya uwanjani, na baridi yetu ni ya kipupwe. Mwezi wa Juni mvua zimekwisha katika nchi ya Kigoma. Upepo wa kusini huvuma juu ya Ziwa Tanganyika, na asubuhi akina mama hujitanda kanga mbili. Mwaka 2024 Idi Kuu iliangukia katikati ya mwezi huo. Basi, twende katika soko la Ujiji siku ya mkesha wake, pamoja na mtoto mmoja na bibi yake. Habari zao ni za mfano tu. Hatutawapa majina, maana watu wa namna yao walikuwa wengi pwani yote ya ziwa.

Baba ya mtoto huyo alikuwa mvuvi wa dagaa. Lakini siku hizo chombo chake kilikuwa kimelala juu ya mchanga, wavu umekunjwa, na nyumbani fedha zilikuwa haba. Sababu yake tutaiona mbele. Asubuhi bibi alimwita mtoto akasema, "Mjukuu wangu, chukua kikapu twende sokoni. Wageni wa Idi hawangoji."

2. Kila kitu kina safari yake

Walipofika waliona watu wengi. Wengine walishika kamba za mbuzi, wengine walipanga vitenge na kanga mpya juu ya majamvi, na watoto walikuwa wakijaribu viatu vya sikukuu. Bibi hakwenda haraka. Alimwuliza mtoto, "Wajua vitu hivi vimetoka wapi?"

Mtoto akajibu, "Vimetoka sokoni, bibi."

Bibi akacheka, akasema, "Sokoni havikuota. Tazama vema."

Ndipo akamwonyesha. Mafuta mekundu ya mawese yalitoka katika michikichi ya nchi ile ile. Matunda yake huchemshwa, hupondwa, kisha hukamuliwa. Sabuni iliyokatwa vipande ilitengenezwa kwa mafuta hayo hayo. Maharagwe na ndizi zilishuka kutoka nchi ya juu, upande wa Kasulu. Tena ipo chumvi ya Uvinza. Huko Uvinza maji ya chumvi hububujika katika ardhi, na watu wameyachemsha ili kupata chumvi kwa muda wa zaidi ya miaka 1000. Hapo kale wafanyaji biashara waliichukua chumvi hiyo mbali sana, kwa kichwa na kwa mitumbwi.

3. Fedha ya ushanga

Soko la Ujiji ni la zamani. Burton na Speke walifika hapo mwezi wa Februari 1858, na Livingstone na Stanley walikutana hapo mwaka 1871. Mwingereza mwingine, jina lake Cameron, alifika Februari 1874, akaandika habari za fedha ya soko lile. Haikuwa ya madini wala ya karatasi. Ilikuwa ushanga ulioitwa sofi, wenye umbo kama vipande vya shina la kiko lililovunjika.

Asubuhi soko lilipofunguliwa, walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi. Mtu akiwa na ushanga wa namna nyingine, aliwapa huo, akapata sofi za kununulia. Jioni wauzaji waliwarudishia sofi walizozipata, wakapewa vitu vingine. Wabadilishaji wale walipata faida mara mbili, asubuhi na jioni. Watu hawakuweza kula ushanga ule wala kuulima. Thamani yake ilikuwa katika kuaminiana: kila mmoja aliupokea kwa sababu alijua kuwa jirani yake ataupokea vile vile.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Katika Ujiji ya siku zile watu nao waliuzwa, wanaume, wanawake na watoto, wakapelekwa mbali na kwao. Biashara ile iliwatajirisha wachache na kuharibu vijiji vingi. Katika Tanganyika sheria ilifuta utumwa kabisa mwaka 1922. Kwa hiyo tusidhani kuwa kila kinachopata mnunuzi ni halali kuuzwa.

4. Mwezi na bei ya dagaa

Mtoto na bibi yake walifika kwa wauza samaki. Kwa kawaida mahali hapo hung'aa kama fedha kwa wingi wa dagaa, lakini siku ile palikuwa na mafungu machache tu ya dagaa wakavu wa akiba. Mtoto akauliza, "Je, ni kwa sababu ya mwezi?" Alikuwa mtoto wa mvuvi, naye alijua jambo ambalo watu wengi wa bara hawalijui.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Mchana hukaa chini, mbali na macho ya samaki wakubwa. Usiku hupanda juu wakifuata viumbe vidogo sana wanavyovila. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, na dagaa huja kuizunguka, nao hutekwa kwa wavu. Zamani watu waliwasha moto juu ya mitumbwi. Baadaye wakatumia karabai. Na siku hizi wengi hutumia taa za betri. Lakini taa yo yote hushindwa na mwezi mpevu. Mbalamwezi ikiangaza ziwa lote, dagaa hawana haja ya kuifuata taa moja. Kwa hiyo katika siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu zao, na dagaa wabichi hupungua sokoni.

Sasa fikirini sikukuu zetu. Idi Ndogo huja mwezi mpya unapoandama, ndiyo kusema baada ya siku za giza. Basi hapo vyombo hutoka sana. Idi Kuu huja siku ya 10 ya Mfunguo Tatu, wakati mwezi unakaribia kuwa mpevu. Hapo uvuvi huanza kupungua. Noeli haifuati mwezi. Mwaka 2022 mwezi mpya ulikuwa tarehe 23 Desemba, hivyo Noeli ilikuwa na giza. Mwaka 2023 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 27 Desemba, hivyo Noeli ilikuwa na mbalamwezi. Mwanamke ajuaye kuhesabu mwezi hununua dagaa wake mapema, huwaweka akiba, wala hagombani na muuzaji siku ya mkesha.

5. Ziwa lilipofungwa

Bibi akamjibu mjukuu wake, "Mwezi ni sababu ndogo. Mwaka huu ziwa limefungwa."

Ilikuwa kweli. Tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti 2024, serikali ilizuia uvuvi upande wa Tanzania katika Ziwa Tanganyika, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake hufika mita 1,470. Nchi nne zimelizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Samaki hawajui mipaka. Wakivuliwa kupita kiasi upande mmoja, pande zote zitapata hasara. Nyavu zimekuwa nyingi, na nyingine zina matundu madogo mno, hushika hata watoto wa samaki. Tena wataalamu waliopima maji ya ziwa wameona kuwa maji ya juu yamezidi kuwa na joto, wala hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye rutuba. Chakula cha dagaa kikipungua, dagaa nao hupungua.

Amri hiyo ilikuwa nzito kwa watu wa pwani. Mkulima akipumzisha shamba moja, labda analo la pili. Mvuvi ana ziwa moja tu. Miezi mitatu ni mingi kwa nyumba yenye watoto wa kulisha na karo za kulipa.

6. Kikapu kilichofunikwa

Walipokuwa wakiondoka kwa wauza dagaa, kijana mmoja aliwafuata, akamwamkia bibi kwa heshima, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika, "Marahaba." Kijana akafunua kidogo kikapu chake. Ndani mlikuwa na migebuka wabichi, wadogo, wasiofika kipimo cha shubiri moja. Akanong'ona, "Nimewapata usiku huu. Nitakuuzia kwa bei nafuu, maana sitaki kukaa nao."

Mtoto alitazama samaki wale, akameza mate. Wiki nyingi zilikuwa zimepita bila samaki mbichi nyumbani kwao. Akamshika bibi mkono akasema, "Bibi, tununue. Wamekwisha kufa, tusipowanunua sisi, atawanunua mwingine."

Bibi alikaa kimya kitambo. Fedha aliyokuwa nayo ilitosha samaki wale, wala haikutosha nyama. Kisha akamwambia kijana, "Mwanangu, sikukushitaki, najua njaa si rafiki. Lakini mimi ninaye mvuvi nyumbani. Yeye amelaza chombo chake kwa kutii amri, nasi twala mihogo mitupu. Nikinunua samaki wako, nitakuwa nimemwambia kwamba yeye aliyetii ni mjinga." Kijana akainama, akakifunika kikapu chake, akaenda zake.

Bibi akarudi kwa muuza dagaa wakavu. Alichukua wachache kiganjani, akawanusa, akawasugua kidogo aone kama wana mchanga. Dagaa waliokaushwa juu ya vichanja huwa safi. Waliotandazwa chini huchukua mchanga, na mnunuzi hulipia uzito wa kisichoiva. Wale walikuwa safi. Muuzaji akajaza kisado, akakitikisa, akaongeza ngumi moja juu, akasema, "Hiyo ni ya Idi." Bibi akanunua na chumvi na mawese kidogo. Nyama ilikuja yenyewe siku ya pili, maana desturi ya Idi Kuu ni kugawanya nyama ya mnyama aliyechinjwa, na jirani hawakuwasahau.

7. Amri na mwezi

Miezi ikapita, na muda wa amri ukaisha. Mtoto alidhani kuwa usiku ule ule ziwa litajaa taa. Lakini mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19 Agosti, na mbalamwezi ilikuwa kubwa. Baba yake akamwambia, "Serikali imetufungulia ziwa, bali mwezi haujatufungulia giza." Wakangoja siku chache tena, mpaka mwezi ulipoanza kuchelewa kutoka. Ndipo chombo kilipoingia majini, na mtoto akasimama pwani kuzitazama taa, moja baada ya moja, mpaka zikawa kama mji mwingine juu ya maji.

Ninyi msomao, mkienda sokoni mkesha wa sikukuu yo yote, msitazame bei peke yake. Ulizeni kitu kimetoka wapi, kimepatikana wakati gani, na nani amevumilia ili kipatikane. Mjini Ujiji wazee waliaminiana kwa ushanga. Siku hizi twaaminiana kwa fedha, kwa kipimo na kwa sheria. Imani hiyo ikivunjika, sokoni hapatabaki kitu ila kelele. Akiba ya soko la mwaka ujao imo ziwani sasa, nayo hailindwi na kufuli.

Maswali

1. Kwa nini wavuvi wa dagaa hupumzika wakati wa mwezi mpevu?
2. Mwezi mwandamo ni siku 29 na nusu. Miezi 12 ni siku ngapi? Hesabu hiyo yapungua kwa siku ngapi katika mwaka wa siku 365? Eleza basi kwa nini Idi husogea kila mwaka.
3. Wabadilishaji wa sofi walipataje faida mara mbili?
4. Mtoto alisema, "Tusipowanunua sisi, atawanunua mwingine." Mngemjibuje?
5. Tafuta tarehe ya mwezi mpevu wa Desemba mwaka huu. Je, dagaa wabichi watakuwa wengi au haba sokoni siku ya Noeli?
6. Chagua vitu vitatu vinavyouzwa katika soko la kwenu, uandike safari ya kila kimoja mpaka kufika hapo.