Mtambo Mdogo wa Mafuta na Uhaba wa Mafundi

Somo la kujadiliwa katika mikutano ya matawi



Kazi ya karafuu haiishii jamvini. Tukisha kuchambua na kuanika, hubaki makonyo, na chini ya mikarafuu hubaki majani yaliyopukutika. Na humo mote mna mafuta. Kilo 100 za makonyo makavu, zikipikwa vyema kwa mvuke, hutoa kiasi cha kilo 5 au 6 za mafuta. Wenzetu wa Madagaska, katika mkoa wa Analanjirofo, ambao jina lake maana yake ni msitu wa mikarafuu, hupika mafuta ya majani kwa mitambo midogo iliyo karibu na mashamba. Basi kiwanda kidogo si jambo geni kwa mkulima wa karafuu.

Lililo gumu ni kumpata fundi. Kupika mafuta ni kazi ya saa nyingi, mara nyingi mchana kutwa na sehemu ya usiku. Fundi aliyezoea huujua moto kwa kuutazama na mafuta kwa kuyanusa. Lakini vijana waliokuwa wajifunze kwake wamekwenda mjini kutafuta kazi nyingine, na yeye mwenyewe umri unakwenda. Akiugua, mtambo hulala. Akisinzia, maji huweza kukauka ndani ya boila, na hapo hasara si ya mafuta tu, bali yaweza kuwa ya roho ya mtu.

Swali letu basi ni hili: Je, vifaa vinavyojiendesha vyaweza kumsaidia mwenye kiwanda kidogo aliyepungukiwa na mafundi? Jibu ni kwamba vyaweza, ikiwa vitapewa kazi iliyo yao.

Mfano kutoka Japani

Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867, mwana wa seremala, naye alitumia maisha yake kutengeneza mashine za kufumia nguo. Aliona taabu moja kubwa. Uzi ukikatika na mashine ikaendelea, nguo huharibika. Kwa hiyo hapakuwa na budi kuweka watu wengi wa kuzikodolea macho mashine. Mwaka 1924 alikamilisha mashine iliyosimama yenyewe uzi ulipokatika. Mfumaji mmoja akaweza kuangalia mashine zaidi ya 30. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki ya kuiunda. Mwanawe Sakichi, Kiichiro, ndiye aliyeanzisha kazi ya magari ya Toyota tunayoyaona barabarani.

Tuangalie vizuri alichokifanya. Hakuiondoa akili ya mfumaji. Alimwondolea kazi ya kukodoa macho, naye akaitwa pale tu alipohitajiwa.

Kukesha na kupambanua

Chukua karatasi, ukae na fundi wako, uandike kila jambo alifanyalo tangu kuwasha moto hadi kufunga mafuta. Utaona kuwa kazi zake ni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kukesha: kutazama maji ya boila, kuangalia joto la bomba la kupozea, kungojea chombo kijae. Fungu la pili ni kupambanua: kuyajua makonyo yaliyoingia ukungu, kuyapanga pipani yasishindiliwe sana wala yasiache upenyo wa mvuke kupita bure, kujua wakati mafuta yamekwisha, na kuamua kama yanafaa kuuzwa. Fungu la kwanza kipe kifaa. Fungu la pili mwachie fundi.

Vifaa vinne

Cha kwanza ni boya la maji. Kila mwenye tangi nyumbani alijua lile boya linalofunga bomba tangi likijaa. Ivan Polzunov wa Urusi alitumia boya la namna hiyo mwaka 1765 kulisha boila ya injini yake ya mvuke. Hufaa kwa boila ya mvuke wa nguvu ndogo. Boila ya nguvu kubwa ina vifaa vyake, navyo vifungwe na fundi wa boila aliyesomea kazi hiyo.

Cha pili ni kengele ya maji machache. Hii iwe mbali na boya, kwa sababu boya nalo huweza kukwama. Moto wa gesi au wa mafuta waweza kuzimwa na kifaa chenyewe, lakini moto wa kuni hauzimwi hivyo. Kwa hiyo kengele imwite mtu. Akiisikia, aondoe moto kwanza. Asitie maji ya baridi katika boila iliyokauka na kuwaka moto, maana inaweza kupasuka.

Cha tatu ni koki inayoendeshwa na joto katika bomba la kupozea. Bomba likipata moto sana, mvuke hautageuka maji wote, nao hutoka pamoja na mafuta. Harufu kali ikijaa bandani, ujue ni fedha yako inayopepea. Koki hiyo huongeza maji ya kupozea joto linapopanda na huyapunguza linaposhuka, na ziko za namna isiyohitaji umeme.

Cha nne ni chombo cha kutenganishia. Mafuta ya nazi huelea juu ya maji, lakini ya karafuu ni mazito kuliko maji, nayo huzama. Chombo chenye mdomo wa juu wa kutolea maji hutenganisha chenyewe usiku kucha, na asubuhi fundi huyafungulia mafuta kwa chini. Maji yaliyotoka juu bado yana mafuta kidogo. Yaweza kurudishwa kwenye boila. Chombo kiwe cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu, maana chuma cha kawaida huyatia mafuta weusi.

Valvu ya usalama hatukuihesabu, kwa sababu hakuna boila iliyo halali kuwashwa bila hiyo. Asitokee mtu akaifunga kwa waya eti inapoteza mvuke.

Hapana haja ya kununua vyote kwa mara moja. Anza na kile kinachozuia hasara iliyo kubwa zaidi, nacho ni kengele.

Tahadhari

Mtu mgonjwa husema naumwa, lakini kifaa kibovu huweza kunyamaza tu. Kwa hiyo kijaribiwe kila siku kabla ya kuwasha moto.

Pili, mwanagenzi na ajifunze kwanza kupika kwa macho na mikono yake. Aliyezoea kengele tu, siku itakaponyamaza hatajua la kufanya.

Tatu, tusifanye kifaa kuwa sababu ya kumfukuza mtu. Penye watu wengi wanaotafuta kazi, nunua kifaa cha usalama tu na fedha nyingine ulipe mishahara. Lakini fundi akiwa mmoja, akiokolewa na kukesha aweza kusimamia mitambo miwili na kufundisha vijana wawili. Na alipwe kwa ujuzi wake, si kwa saa alizokodoa macho. La sivyo, kifaa kitakuwa kimempunguzia riziki badala ya taabu.

Mwanachama anayetaka kuweka mtambo mpya aulize kwanza ruhusa na sheria zilizopo. Na aliye na mtambo sasa asingojee fundi wake augue ndipo aandike anachokijua. Kifaa chaweza kununuliwa tena dukani; ujuzi ukizikwa na mwenyewe, haununuliki.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtambo mnaoujua, ni kazi zipi za kukesha na zipi za kupambanua?
2. Fundi akikosekana wiki moja, nani aweza kupika mafuta?
3. Je, wenye mitambo midogo mitatu waweza kuchanga na kumlipa fundi mmoja wa kukagua vifaa vyao?