Mtoto Aliyependa Magari ya Moshi: Somo juu ya Kuwakumbuka Watoto Waliolala

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu wa makanisa, neno tutakalojifunza mwezi huu ni zito. Hakuna mwalimu ambaye hajaitwa usiku kwenda nyumbani kwa watu waliofiwa na mtoto. Huketi pamoja nao, naye aona ya kuwa maneno yote aliyoyatayarisha njiani ni mafupi kuliko msiba ule. Kisha siku za matanga zapita, watu warudi mashambani kwao, na mara nyingi jina la yule mtoto halitajwi tena. Watu hudhani ya kuwa kunyamaza ndiko kuponya.

Basi swali letu ni hili: Je, imewapasa wazazi kumsahau mtoto wao ili wapate kuishi, au imewapasa kumkumbuka? Na ikiwa ni kumkumbuka, ni kwa namna gani? Twataka kulitazama swali hili katika habari za mtoto mmoja wa Amerika, jina lake William Wallace Lincoln, ambaye nyumbani aliitwa Willie. Baba yake, Abraham Lincoln, alikuwa Rais wa nchi ile wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Kwa sababu hiyo watu wengi waliandika waliyoyaona katika nyumba ile, nasi twaweza kujua habari za mtoto huyu na za huzuni ya wazazi wake kuliko za watoto wengi wa zamani.

1. Mtoto mwenyewe

Willie alizaliwa tarehe 21 Desemba, 1850, katika mji wa Springfield, jimbo la Illinois. Mwezi wa Februari mwaka ule ule wazazi wake walikuwa wamemzika ndugu yake, Eddie, ambaye hakutimiza miaka minne. Hivyo Willie alizaliwa katika nyumba iliyokuwa bado na machozi, akawa faraja yao. Kaka yake mkubwa alikuwa Robert, na mdogo wake alikuwa Thomas, ambaye watu wote walimwita Tad.

Alikuwa mtoto mchangamfu, mpole wa moyo, tena mwenye kutaka kujua kila kitu. Mwezi wa Juni, 1859, alipokuwa na umri wa miaka minane, baba yake alimchukua mpaka mji mkubwa wa Chicago. Toka huko alimwandikia rafiki yake barua, na maneno yake yamehifadhiwa hata leo. Hakuandika habari za wakubwa waliozungumza na baba yake. Aliandika habari za chumba chao: ya kuwa mna vitanda viwili, na majagi mawili ya maji, na mabeseni mawili, na taulo mbili, na kila mara kilicho kidogo ni chake yeye, na kilicho kikubwa ni cha baba yake. Aisomaye barua ile amwona mtoto mwenyewe akizunguka chumbani, akihesabu vitu kwa furaha.

Kuliko vitu vingine vyote alipenda magari ya moshi. Alizijua saa zake na vituo vyake kwa moyo, akaweza kuiendesha safari nzima kwa maneno toka Chicago mpaka New York, akitaja kila mahali pa kusimama kwa taratibu yake. Alikuwa na daftari ambayo aliandika ndani yake mambo makubwa ya siku zile. Rafiki wa jamaa yao, Kanali Edward Baker, alipouawa vitani Oktoba 1861, Willie alitunga shairi la kumwombolezea, likachapwa katika gazeti moja la mji wa Washington. Wakati ule alikuwa hajatimiza miaka kumi na mmoja.

Wala hakuwa mtoto wa vitabu tu. Yeye na Tad walifuga mbuzi, wakapanda farasi mdogo, wakajenga ngome ya kuchezea juu ya paa la nyumba ya Rais, na gogo likawa mzinga wao. Imesimuliwa ya kuwa siku moja mezani Tad alikuwa amepatwa na jambo la kumsikitisha. Willie akakaa kimya kitambo, mikono ameikunja, akitafuta njia ya kumfariji mdogo wake. Kisha akainua uso akicheka, maana ameipata. Baba yake, aliyekuwa akimtazama, alimwambia mgeni wake ya kuwa aliijua kila hatua ya mawazo ya mtoto yule, kwa maana yeye mwenyewe hufikiri vivyo hivyo. Basi twaelewa ya kuwa huyu alikuwa mtoto ambaye baba yake alijiona ndani yake kama katika kioo.

2. Msiba

Mwanzo wa Februari, 1862, Willie alishikwa na homa, na Tad vilevile. Wengi hudhani ilikuwa homa ya matumbo iliyotokana na maji machafu, kwa kuwa majeshi mengi yalikuwa yamepiga kambi kando ya mto Potomac. Tarehe 5 wazazi wake walikuwa na karamu kubwa ambayo wageni walikwisha kualikwa. Usiku ule waliwaacha wageni chini, wakapanda ngazi mara kwa mara kwenda kumtazama mgonjwa. Hakupona. Tarehe 20 Februari, saa kumi na moja jioni, akafa, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja na miezi miwili.

Baba yake alikwenda katika chumba cha karani wake, akamwambia ya kuwa mtoto ameondoka, akalia machozi. Aliyeuosha mwili na kuuvika ni Elizabeth Keckley, mshonaji wa nguo za mama, mwanamke aliyekuwa mtumwa zamani akajikomboa. Yeye naye alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume, aliyeuawa vitani Agosti 1861. Hivyo mwenye msiba alihudumiwa na mwenye msiba. Mazishi yakafanyika tarehe 24, na jeneza likawekwa kwa muda katika kaburi la jamaa nyingine huko Georgetown.

3. Huzuni ya mama

Bibi Mary Lincoln hakuweza kuhudhuria mazishi. Alilala kitandani majuma kadhaa, na chumba alimofia mtoto hakukiingia tena kamwe. Rafiki za Willie, watoto wa jirani waliocheza naye na Tad kila siku, akawakataza wasije tena, maana kuwaona kulimtonesha kidonda. Baadaye akaanza kuwaita watu wadaio kusema na wafu, akitumaini kuisikia sauti ya mwanawe.

Tusimhukumu. Mama yake mwenyewe alikufa alipokuwa na miaka sita, na Willie alikuwa mtoto wa pili kumzika. Lakini tuyatazame matokeo. Tad, aliyekuwa na miaka minane na ambaye mwenyewe ametoka katika ugonjwa, alipotewa na ndugu yake, na siku zile zile akapotewa na rafiki zake wote. Na watu wale walioitwa hawakumpa mama amani. Walimpa kiu isiyokwisha, akawarudia tena na tena.

4. Huzuni ya baba

Baba naye hakulia kidogo. Lakini huzuni yake ilichukua njia nyingine. Nyumbani aliletwa mwuguzi, Bibi Rebecca Pomroy, mjane aliyekwisha kufiwa na mumewe na watoto wawili. Rais alimwuliza amewezaje kuyachukua hayo yote, akamsikiliza kama mwanafunzi amsikilizavyo mwalimu. Hakuona haya kujifunza kwa mtu aliyekwisha kuipita njia ile.

Tena hakuogopa kumtaja mtoto. Mwezi wa Mei mwaka ule, huko Fort Monroe, alimsomea afisa mmoja maneno ya mchezo wa Shakespeare, mahali mama amliliapo mwanawe Arthur. Kisha akamwuliza kama amepata kuota yu pamoja na mpenzi wake aliyekufa, na huku ajua si kweli. Akasema ya kuwa yeye humwota Willie hivyo. Na Tad alimchukua alale pamoja naye kitandani mwake, akamwacha aingie chumbani hata wakubwa wa serikali walipokuwa wakishauriana.

Kisha ikaja Desemba 1862. Rafiki yake wa Illinois aliuawa vitani, na binti yake rafiki huyo alikuwa akilia wala hali. Tarehe 23 Rais, katikati ya shughuli zote za vita, aliketi akamwandikia barua. Hakumwambia anyamaze. Alimweleza ya kuwa huzuni huwaumiza vijana zaidi kwa sababu huwajia bila kutazamiwa. Ya kuwa sasa hawezi kusadiki, lakini hakika atafurahi tena. Na ya kuwa siku moja kumkumbuka baba yake hakutakuwa tena uchungu mtupu, bali utamu uliochanganyika na majonzi, ulio safi kuliko alivyopata kuujua. Hayo aliyaandika mtu aliyemzika Willie miezi kumi tu kabla yake.

Abraham Lincoln aliuawa Aprili 1865. Gari la moshi lililouchukua mwili wake liliondoka Washington tarehe 21, likapita miji mingi, likafika Springfield tarehe 3 Mei. Ndani yake mlikuwa na majeneza mawili, la baba na la Willie. Mtoto aliyezitaja safari za magari ya moshi kwa moyo alirudishwa nyumbani kwa gari la moshi, kando ya baba yake, jeneza dogo na jeneza kubwa.

5. Mafundisho yetu

Kwanza, mtoto atajwe. Uingiapo katika nyumba ya msiba, usiulize habari za ugonjwa tu. Uliza, Mtoto wenu alipenda nini? Alicheza mchezo gani? Machozi yatatoka, lakini ni machozi yaondoayo mzigo. Kumkumbuka mtoto si kukumbuka kifo chake tu, ni kukumbuka uhai wake.

Pili, aliyebaki asisahauliwe. Katika nyumba nyingi yuko Tad mmoja aliyeketi pembeni, ambaye hakuna aliyemwuliza neno. Mtafute, keti naye, waache rafiki zake waje.

Tatu, tusiwaharakishe waliofiwa, wala tusiwaache. Rudi baada ya mwezi, rudi na baada ya mwaka. Wakati ule wengine wamekwisha kusahau, na mama bado akumbuka.

Nne, tuwaonye kwa upole wasiwatafute wapiga ramli na wenye pepo. Walio katika Kristo hawakupotea hata watafutwe gizani.

Tano, huzuni itoayo nje yaponya. Bibi Keckley, Bibi Pomroy, na Rais mwenyewe, wote walikuwa wamejeruhiwa, na kila mmoja aliutumia uchungu wake kumfariji mwingine. Aliyezika mtoto ajua mlango wa kuingilia ambao wengine hawaujui.

Maswali ya kujifunza pamoja

Je, katika usharika wetu yuko mzazi ambaye jina la mtoto wake halitajwi tena? Nani atakwenda kumsikiliza mwezi huu?

Je, watoto waliobaki katika nyumba za msiba huhudumiwa na nani?

Soma 2 Samweli, sura ya 12, habari za Daudi na mtoto wake. Daudi alifanya nini mtoto alipokuwa hai, na baadaye alimfariji nani?