SOMO: INZI WA MATUNDA, NYIGU WADOGO NA GHARAMA YA KUJIKINGA



Kila msimu wa maembe, sharika zenye bustani hukutana na tatizo lile lile: embe linaonekana zima kwa nje, likikatwa lina funza. Wengi hukimbilia dawa ya kupuliza. Katika somo hili tunawatazama maadui wa asili wa inzi huyo, yaani nyigu wadogo, jinsi inzi anavyowakwepa, na hasara anayoipata kwa kufanya hivyo. Tukilielewa hilo, tutajua fedha za mradi zielekezwe wapi.

1. Inzi wawili

Maembe ya Afrika Mashariki hushambuliwa hasa na inzi wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenyeji, Ceratitis cosyra, ambaye porini huzaliana kwenye ng'ongo. Wa pili ni mgeni kutoka Asia, aliyeonekana Kenya na Tanzania mwaka 2003. Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, lakini uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia. Wote wawili hutaga chini ya ganda la tunda. Funza akikomaa hutoka, huingia ardhini na kugeuka kuwa pupa.

2. Kazi ya nyigu

Nyigu tunaowazungumzia si wale wanaouma watu. Jike huchoma tunda kwa mrija wake wa kutagia na kuweka yai ndani ya mwili wa funza. Mtoto wa nyigu humla funza taratibu, na mwishoni ndani ya pupa hutoka nyigu badala ya inzi.

3. Inzi anavyojikinga

(a) Kujificha. Funza aliyezama katikati ya embe kubwa hafikiwi na mrija wa nyigu. Katika tunda dogo la porini hufikiwa kwa urahisi zaidi.

(b) Kinga ya mwili. Chembe za damu ya funza hulizunguka yai la nyigu na kulifunika kwa tabaka jeusi mpaka life. Watafiti wa ICIPE, Nairobi, waliona inzi mgeni akiyaua hivyo mayai ya nyigu wetu wenyeji.

(c) Pombe. Drosofila, yule inzi mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva sana, akiwaona nyigu hupendelea kutaga kwenye chakula chenye kileo. Kileo huwaua watoto wa nyigu waliomo ndani ya funza. Lakini kikiwa kikali humdhuru hata funza ambaye hakuguswa na nyigu.

4. Gharama yake

Mwaka 1997 watafiti Kraaijeveld na Godfray wa Uingereza walichagua Drosofila waliosalimika na nyigu, wakawazalisha kwa vizazi vitano. Uwezo wa kuyaua mayai ya nyigu ulipanda kutoka asilimia 5 hadi 60. Hata hivyo, chakula kilipokuwa haba, funza wao walishindwa na funza wa kawaida. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa walikuwa na chembe za damu karibu mara mbili, na walikula polepole zaidi. Nguvu iliyokwenda kwenye ulinzi ilipungua mezani. Penye chakula tele hasara hiyo haikuonekana sana. Penye njaa ilionekana.

Majaribio hayo hayakufanywa kwa inzi wa maembe. Lakini yanatukumbusha kwamba maembe yaliyooza na kuachwa chini ya mti ni karamu ya bure kwa adui yetu.

5. Yatupasayo kufanya

Mwaka 2006 ICIPE ilileta kutoka Hawaii nyigu aitwaye Fopius arisanus, mwenye asili ya Asia kama inzi yule mgeni. Huyu hasubiri funza azame: hutaga ndani ya yai la inzi, na kinga ya inzi huyo haimzuii. Kamati isiagize nyigu yenyewe. Jambo hilo lipitie kwa wataalamu wa kilimo na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Yaliyo ndani ya uwezo wetu ni haya:

- Kuokota maembe yaliyoanguka mara kwa mara, na kuyafukia kwa kina cha nusu mita au zaidi.
- Panapowezekana, kuyaweka kwenye hema dogo la wavu ambao matundu yake humzuia inzi lakini humpitisha nyigu. Hivyo inzi hufa ndani, na nyigu hurudi shambani.
- Kuacha kupuliza dawa mti mzima, kwa sababu nyigu hufa pia. Mitego ya kunasa madume, na chambo chenye dawa kinachowekwa sehemu ndogo tu ya mti, huwaathiri nyigu kidogo zaidi.

Kwa wafadhili wetu: wavu na majembe havivutii sana kwenye picha, lakini ndipo kazi inapoanzia.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Maembe yaliyooza katika bustani yetu huenda wapi?
2. Jirani asipookota yake, juhudi zetu zitafika wapi? Tutamshirikishaje?
3. Msimu uliopita tulitumia kiasi gani kununua dawa, na tulivuna nini?