Dondoo muhimu: Bogenvilia au waridi la jangwani?

Katika kijiji cha Robanda, jirani na lango la Fort Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, nyumba na kambi za wageni zinahitaji maua yanayostahimili kiangazi cha Juni hadi Oktoba. Mimea hii miwili ya kudumu inaweza, na yote hutaka jua la kutwa. Kwa mengine, kila mmoja una tabia yake.

Maji. Bogenvilia changa imwagilie kila baada ya siku mbili tatu mpaka ishike. Ikikomaa, ibanie: maji na samadi nyingi huleta majani, si maua. Waridi la jangwani, yaani adeniamu, huweka akiba ya maji kwenye shina lake nene. Subiri udongo ukauke kabisa ndipo umwagilie. Likipukutisha majani wakati wa ukame, usiling'oe; limepumzika tu.

Udongo. Hapa ndipo wengi hupoteza miche. Udongo mweusi wa mbugani hutuamisha maji masika na kuozesha mizizi ya waridi hili. Lipande kwenye chungu au ndoo iliyotobolewa, yenye mchanga na kokoto nyingi. Bogenvilia huvumilia zaidi, lakini iinulie tuta.

Kupogoa. Bogenvilia huchanua kwenye matawi mapya, hivyo ipogoe kila maua yanapokwisha. Miiba yake hufaa kwa ua wa nyumba. Waridi halidai kupogolewa mara kwa mara. Ukilikata, vaa glovu. Utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka kwenye mishale.

Wenye watoto wadogo, pandeni bogenvilia.