Namna ya Kupata Nguvu ya Kuendesha Kinga Safari ya Mbali

Somo hili ni juu ya kinga, ile wengine wanaita velo ao baiskeli. Vijana wetu wanaijua tangu utoto. Wanabeba makala, mihogo na watu juu yake. Lakini kuna kazi moja ya kinga inayotaka akili zaidi. Ni yale mashindano yanayoitwa triatlo: kuogelea, kisha kinga, kisha kukimbia kwa miguu, yote kwa siku moja.

Triatlo ndefu ilianza kisiwani Oahu, Hawaii, inchi ya Marekani, tarehe 18 Februari 1978. Mtu anaogelea kilomita 3,8, anaendesha kinga kilomita 180, halafu anakimbia kilomita 42. Siku ile watu 15 walianza, na 12 walimaliza. Kuna ingine ya nusu: kuogelea kilomita 1,9, kinga kilomita 90, kukimbia kilomita 21. Hiyo ilifika karibu na sisi mwaka 2022, huko Rubavu, inchi ya Rwanda, pembeni ya mpaka wa Goma. Watu waliogelea ndani ya Ziwa Kivu, lile tunalolijua.

Kinga ndiyo sehemu ndefu kuliko zote. Mtu anayemaliza triatlo ndefu kwa saa 12 anakaa karibu nusu ya wakati huo juu ya kiti cha kinga. Basi anayetaka kuendelea, aanze hapo. Lakini asisahau jambo hili, ndilo kubwa katika somo letu: kinga haimalizi kazi. Nyuma yake kuna mbio. Mwendeshaji mzuri si yule anayeshuka wa kwanza. Ni yule anayeshuka na angali na nguvu ya kukimbia.

Tuangalie mashindano yale ya 1978. Aliyeshinda ni Gordon Haller, kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Lakini walipomaliza kinga, John Dunbar alikuwa mbele yake. Katika mbio maji ya Dunbar yakaisha, wasaidizi wake wakampa bia mahali pa maji. Haller akampita. Tena mwaka 1982, katika mashindano yale yale ya Hawaii, Julie Moss alikuwa mbele ya wanawake wote. Karibu na mwisho miguu ikakataa. Akaanguka, akatambaa kwa mikono na magoti, na Kathleen McCartney akamshinda kwa sekunde 29. Hawa hawakukosa bidii. Bidii walikuwa nayo mingi. Ni mwili uliokwisha.

1. NGUVU YA MIGUU INATOKA WAPI?

Misuli, ndiyo zile nyama za miguu zinazofanya kazi, ni kama jiko. Jiko linataka makala na hewa. Hewa inaingia kwa mapafu, inachukuliwa na damu, na moyo unaisukuma mpaka miguuni. Makala ya mwili ni ya namna mbili: sukari na mafuta. Mafuta ni mengi hata kwa mtu mwembamba. Sukari ni kidogo. Mwili unaweka akiba yake ndani ya misuli na maini, karibu gramu 400 ao 500, na ukikaza sana inaweza kuisha kwa saa 2 tu.

Ukienda pole pole, mwili unachoma mafuta zaidi. Ukikaza, unachoma sukari zaidi. Ndiyo sababu yule anayekimbiza kinga saa ya kwanza anakuja kusimama kando ya njia saa ya nne, miguu mizito, kichwa kinazunguka.

Mazoezi marefu ya pole pole yanabadilisha mwili. Moyo unajifunza kusukuma damu mingi zaidi kwa pigo moja. Mishipa midogo inaongezeka ndani ya misuli. Mwili unazoea kuchoma mafuta na kuchunga sukari. Kazi hii inataka miezi. Haiwezekani kuinunua kwa juma moja la kujitesa.

2. MAZOEZI YA JUMA

Kwa anayeanza, siku tatu za kinga kwa juma zinatosha, juu ya kuogelea na mbio zinataka siku zao pia.

Siku ya kwanza: saa 1 na nusu, pole pole. Kipimo chake ni kinywa chako. Kama unaweza kuongea na mwenzako maneno marefu bila kukatika pumzi, mwendo ni mzuri. Kama unajibu neno moja moja, umepita kipimo.

Siku ya pili: saa 1, na ndani yake kazi ya nguvu. Anza pole pole dakika 15. Kisha kaza dakika 5, pumzika kwa kwenda pole pole dakika 3. Fanya hivyo mara 4. Mlima mrefu usio mkali sana unafaa. Maliza pole pole.

Siku ya tatu: safari ndefu. Anza na saa 2. Kila juma ongeza dakika 15 ao 20. Juma la nne punguza, kusudi mwili ujenge yale uliyouvunja. Kwa triatlo ya nusu fika saa 3 ao 4. Kwa ile ndefu fika saa 5. Mara moja moja, ukishuka, kimbia dakika 15 palepale. Miguu itakuwa kama ya mti. Si ugonjwa. Inataka kuzoea.

Wengi wanakosea hapa: kila siku wanakaza, kila siku wanashindana na pikipiki. Siku ya pole pole wanaiona ni ya uvivu. Mwisho wanachoka wakati wote, na siku ya kukaza hawana kitu cha kukaza nacho. Mazoezi mengi yawe ya pole pole, machache ya nguvu. Tena siku moja kwa juma isiwe na mazoezi kabisa.

3. KITI NA MIGUU

Mbele ya kutafuta nguvu mpya, usipoteze ile uliyo nayo. Kaa juu ya kinga, mwenzako akushike. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo tu. Hicho ndicho kipimo. Kiti kikiwa chini sana, mara nyingi goti linauma kwa mbele. Kikiwa juu sana, linauma kwa nyuma, na kiuno kinayumba.

Hesabu pia mizunguko ya mguu. Angalia goti moja kwa sekunde 15. Likipanda mara 20 mpaka 22, ni vizuri. Wenye vitesi wachague ile nyepesi mbele ya mlima kuanza, si wakati miguu imekwisha kushindwa. Kusukuma pedali nzito pole pole kunachosha misuli ambayo mbio inaingoja.

Kuna upepo pia. Katika njia tambarare, ukienda mbio, nguvu nyingi inakwenda kupasua hewa. Kwa kushinda upepo wa mwendo mara mbili, inatakiwa nguvu mara nane. Kwa hiyo inama, kunja viwiko, vaa nguo zinazoshika mwili. Inama tu kadiri unavyoweza kupumua na kuona njia. Na kofia ngumu ya kichwa, pamoja na freni mbili zinazoshika, si pambo. Bila hivyo, usitoke.

4. MAJI, CHUMVI NA CHAKULA

Jipime kwa kilo mbele ya safari na nyuma yake. Tuseme kijana ana kilo 60. Anaendesha saa 2, anakunywa lita 1, anarudi na kilo 58,8. Amepoteza kilo 1,2, na lita 1 aliyokunywa imetoka pia. Basi jasho lake ni karibu lita 1 kwa saa. Safari ingine atakunywa robo tatu ya lita kwa saa. Si lazima arudishe yote. Lakini asipoteze zaidi ya kilo 2 kwa kila kilo 100 za mwili wake.

Kuna wanaokosea upande wa pili. Wanakunywa maji matupu mengi sana, na chumvi ya damu inakuwa zaifu. Dalili ni kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, hata kifafa. Mtu anaweza kufa. Anayerudi na kilo nyingi kuliko zile alizoondoka nazo amekunywa kupita kipimo.

Kinywaji cha njiani unaweza kutengeneza nyumbani: maji lita 1 yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vidogo 12 bila kilima, chumvi robo ya kijiko kidogo. Angalia sana, mama! Hiki si kinywaji cha mtoto anayehara. Cha mtoto kina sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu ya kijiko kidogo kwa lita 1. Sukari mingi inaweza kuzidisha kuhara. Msichanganye chupa.

Kwa chakula, mwili unaweza kutumia gramu 30 mpaka 60 za sukari kwa saa. Robo tatu ya lita ya kinywaji chetu pamoja na ndizi moja mbivu inafika karibu 60. Anza kula katika nusu saa ya kwanza, mbele ya njaa kuuma. Tena jaribu chakula hicho wakati wa mazoezi. Siku ya mashindano si siku ya kufundisha tumbo.

Nyumbani, kula bugali, mchele ao viazi juu ya kurudisha akiba, na maharagi, samaki ao mayai juu ya kujenga misuli. Sombe na maini vinasaidia damu. Dada zetu wanaopoteza damu kila mwezi waangalie zaidi. Ukichoka bila sababu, pima damu na choo kwa labo. Pengine ni minyoo ya safura inayokunywa nguvu yako, na hakuna mazoezi yatakayoirudisha.

5. WAKATI WA KUKATAA MAZOEZI

Kila asubuhi, mbele ya kutoka kitandani, weka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono. Hesabu mapigo dakika 1 nzima, andika ndani ya kaye. Kama kwa kawaida ni 56, na leo ni 68, mwili unakuambia neno: umechoka sana, ao ugonjwa unaingia.

Homa ikikushika, acha kinga. Usiseme, "nitatoa homa kwa jasho". Nenda kwenye kituo cha afya, upime malaria. Malaria inaweza kuvimbisha bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu, na bandama iliyovimba inaweza kupasuka kwa kuanguka kidogo tu. Magonjwa mengine ya homa yanaweza kuingia ndani ya moyo. Nyuma ya homa kuisha, ngoja siku kadhaa, anza tena pole pole. Kama bandama ilivimba, ngoja muganga aseme.

Katika inchi yetu watu wengi wamebeba nusu ya ugonjwa wa sikoseli, upande wa baba ao wa mama, na hawajui. Wengi wao wanaweza kufanya michezo vizuri. Lakini wakikaza kwa gafula, katika joto, bila maji, misuli inaweza kuharibika na kuziba figo. Basi upimwe, ujue damu yako. Anayeibeba aongeze mazoezi kidogo kidogo, anywe, na asimame mara moja misuli ikiregea ao ikiuma kwa namna isiyo ya kawaida.

Tena usimeze ibuprofeni ao diklofenaki kusudi umalize safari. Kwa mwili uliokauka dawa hizo zinaweza kuumiza figo.

Ukimwona mwenzako katika joto anasema maneno yasiyo na maana, ao anayumba na mwili wake unawaka, usimwambie ajikaze. Mpeleke kwenye kivuli, mvue nguo, mmwagie maji baridi mwili wote, mpungie hewa, na mtume mtu kutafuta gari. Kama hana akili wazi, usimnyweshe kitu.

6. SIKU YA MASHINDANO

Gawanya safari ya kinga mara tatu. Sehemu ya kwanza, jizuie. Wengi watakupita, waache. Sehemu ya pili, shika mwendo uliouzoea, kula na kunywa kwa saa yako, si kwa hamu. Sehemu ya tatu, kama nguvu ipo, ongeza kidogo. Juu ya mlima usisimame kushindana: dakika 1 unayopata pale unaweza kuilipa kwa dakika 10 katika mbio. Kumbuka pia kwamba katika triatlo ndefu ni kosa kujificha nyuma ya kinga ya mwenzako juu ya kukimbia upepo.

MAULIZO YA KUJIJARIBU

1. Kwa sababu gani mazoezi mengi yawe ya pole pole?
2. Dada mmoja ana kilo 50. Anarudi na kilo 50,5. Alifanya kosa gani?
3. Kinywaji cha mwendeshaji na kinywaji cha mtoto anayehara vinaachana namna gani?
4. Mapigo yako ya asubuhi yamepanda kwa 12, na unasikia baridi mwilini. Leo ni siku ya safari ndefu. Utafanya nini?

Kama kwa ulizo la nne umejibu, "nitapima malaria, kinga itangoja", umefahamu somo.