Nyumba Hii Haiuzwi: Maswali ya Mnunuzi wa Gongo la Mboto

Ukishuka kituoni Gongo la Mboto ukaingia ndani kuelekea Ulongoni au Majohe, hutakosa ukuta ulioandikwa kwa rangi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni atacheka, nani kamuuliza? Aliyeandika hacheki. Huenda nyumba yake ilishatafutiwa mteja na mtu asiyemjua, huenda ndugu wanavutana juu ya urithi, au mume alitaka kuiuza kimyakimya na mke akawahi kwenda dukani kununua rangi.

Watu wanaouliza nyumba pande hizi wameongezeka. Barabara ya mabasi ya mwendokasi awamu ya 3 inafuata Barabara ya Nyerere hadi hapa, na treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, ina stesheni Pugu. Mahali ambapo zamani mtu alinunua kwa kukosa pengine, leo ananunua kwa kupenda. Maswali yanayoulizwa zaidi ni haya.

Nijiandae vipi kabla ya kuanza kuzungushwa?

Jua una shilingi ngapi, kisha toa gharama ambazo muuzaji hatakutajia. Kuna wakili, dalali, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ada za kuhamisha jina kama nyumba ina hati, na mara nyingi mthamini. Kuna pia kodi ya mapato inayotokana na mauzo. Hiyo kisheria ni mzigo wa muuzaji, lakini wauzaji wengi wa huku husema bei yao ni "safi", maana yake kodi umalize wewe. Ukikubali, kubali ukijua, na iandikwe kwenye mkataba nani analipa nini.

Mkopo wa benki? Tanzania ina Sheria ya Mikopo ya Nyumba tangu 2008, na kampuni ya TMRC iliyoanzishwa 2010 kuzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo. Ila benki inataka hati iliyosajiliwa, na sehemu kubwa ya nyumba za Gongo la Mboto zimejengwa kwenye maeneo yasiyopimwa. Kwa hiyo wanunuzi wengi wanakuja na fedha mkononi: kikoba, mauzo ya shamba la kijijini, mafao ya kustaafu. Matapeli wanalijua hilo vizuri. Mstaafu aliyepokea mkupuo wake mwezi huu ndiye anayewindwa kuliko wote, basi habari za mafao zibaki nyumbani.

Muuzaji ana karatasi. Karatasi ipi ina nguvu?

Hapa ndipo pa kutumia muda kuliko kuhesabu vyumba. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachonunua ni haki ya kuitumia pamoja na kilichojengwa juu yake. Haki hiyo huthibitishwa kwa karatasi za ngazi tofauti.

Ya juu ni hati miliki, ya miaka 33, 66 au 99. Ukiambiwa nyumba ina hati, usiridhike kuiona wala kuipiga picha. Chukua namba yake, peleka maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, nawe utapata majibu ya maandishi: jina la mmiliki, rehani kama ipo, zuio kama lipo. Hati inaweza kuwa halisi kabisa, na nyumba hiyo hiyo ikawa imewekwa rehani benki.

Inayofuata ni leseni ya makazi, iliyotolewa kwa wakazi wa maeneo yaliyojengeka bila mpango. Ni ya muda mfupi, si zaidi ya miaka 5, na huhuishwa. Angalia tarehe. Wauzaji wengi wanakunjua leseni iliyokwisha zamani.

Ya tatu, na ndiyo utakayokutana nayo zaidi, ni ile wanayoiita karatasi ya serikali ya mtaa: hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono au kompyuta, ina mashahidi, ina muhuri wa mwenyekiti. Watu wameishi nayo miaka 30 bila tatizo, na mahakama haiitupi. Ila fahamu mipaka yake. Muhuri unaonyesha kwamba watu fulani waliuziana mbele ya mwenyekiti. Haumpi muuzaji miliki asiyokuwa nayo. Ufuate mnyororo wote: huyu alinunua kwa nani, na yule naye alinunua kwa nani, mpaka umfikie aliyefyeka pori. Kila kiungo kinachokosekana, waulize majirani.

Dai karatasi halisi. Kivuli hakitoshi, kwa sababu wakopeshaji wa mitaani, wale wa kausha damu, hushika karatasi za nyumba kama dhamana. Muuzaji anayesema ya awali ipo Mwanza kwa kaka yake, mwambie utasubiri kaka aje.

Jambo jingine la huku ni vipimo. Majohe na Chanika viwanja vingi viliuzwa kwa hatua, 20 kwa 20, na hatua za mzee mfupi si hatua za kijana mrefu. Tembea na mpimaji, mwiteni jirani wa kila upande, na mipaka ionyeshwe wote mkiwepo. Kama mtaa umeingia kwenye urasimishaji wa makazi, ulizia pia ramani imefika wapi na nyumba hiyo imepewa namba gani ya kiwanja. Ipo mitaa ambako michango ilitolewa na kazi ikaishia njiani.

Nimtumie dalali? Nimchague vipi?

Mtumie. Mimi simo kwenye kundi la wanaowatukana madalali kisha usiku wanawapigia simu. Dalali wa kijiweni anajua nyumba ipi inauzwa kabla bango halijabandikwa, anajua nani amekwama na ada ya shule, na anajua bei ya kweli ya mtaa. Tatizo linaanza unapompa kazi isiyo yake. Kazi yake ni kukutafutia. Kukuhakikishia ni kazi ya Msajili, wakili na majirani, nao wasiwe wale aliokuletea yeye.

Wengi wao hawana ofisi. Ofisi ni bodaboda na simu. Kwa hiyo mpime kwa mambo unayoweza kuyaona. Muulize ameuza nyumba zipi karibu na hapa, kisha nenda ukabishe hodi kwa walionunua. Muulize mwenyekiti wa mtaa kama anamfahamu, na kwa miaka mingapi. Mwenye ofisi au kampuni mwombe leseni ya biashara na TIN. Tangu 2025, amri ya wizara inayosimamia biashara imewazuia wasio raia kufanya udalali wa nyumba na ardhi, hivyo ukikutana na wakala mgeni, hata awe na ukurasa unaometameta mtandaoni, ujue yuko nje ya sheria.

Malipo yake yakubalianeni kabla hujapanda bodaboda. Kwenye mauzo mazoea yanacheza kati ya asilimia 5 na 10, na yanajadilika. Fedha ya kuzungushwa ni ndogo na inaeleweka, mtu ametumia mafuta. Ila iwe ya siku, isigeuke kodi ya kila nyumba unayoonyeshwa. Kamisheni ilipwe baada ya mkataba kusainiwa, si kabla. Kisha muulize waziwazi: nani anakulipa, mimi au muuzaji? Akijibu "wote wawili", hapo umepata jibu la kweli, nawe panga mambo yako ukijua kwamba bei ikipanda naye anapanda.

Cha juu ndicho ugonjwa mkubwa. Mwenye nyumba anataka milioni 40, dalali anakutajia 48, na anafanya kila njia msikutane. Dawa yake ni moja: bei uisikie mdomoni mwa mwenye nyumba, mkiwa mmekaa pamoja. Dalali anayekuzuia usimwone muuzaji "mpaka siku ya malipo" usiendelee naye. Na ile sentensi yao maarufu, "Bosi, kuna mtu anakuja jioni na hela", mjibu kwa upole kwamba huyo wa jioni amewahi riziki yake.

Nitajuaje anayeuza ana haki ya kuuza?

Nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwite mama mwenye nyumba, mwone uso kwa uso, asaini mwenyewe. Kama wake ni wawili, swali ni lile lile kwa kila mmoja. Usikubali "mama watoto yuko msibani, lakini anajua".

Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ukoo kukaa kikao na kumchagua kaka mkubwa haitoshi. Dai barua ya mahakama, nenda mahakama iliyoitoa ukaangalie namba ya shauri, kisha zungumza na warithi wenyewe. Mwenye kuuza kwa niaba ya aliye Muscat au London awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na mpigie mwenye mali simu ya video.

Kama ndani kuna wapangaji, waulize nao. Mara nyingi ndio wanaojua nani hukusanya kodi, na kama wameshalipa miezi sita mbele, miezi hiyo inakuhusu.

Nyumba yenyewe niikague nini?

Nenda masika. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na mabonde yake yanapita katikati ya makazi ya huku. Madaraja ya Ulongoni yameshawahi kusombwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nyumba ya bondeni ina bei nzuri kwa sababu hiyo.

Angalia ukuta kama una alama ya X. Kwenye barabara, X nyekundu ina maana nyumba iko ndani ya hifadhi na huvunjwa bila fidia. Ya kijani ni ya waliokutwa pale Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi hadi mita 30 kutoka katikati ya barabara, nao hulipwa. Wauzaji wengine huificha alama kwa kupaka rangi juu yake. Kwa hiyo pima mwenyewe, na kwa reli, nguzo kubwa za umeme, msitu wa Kazimzumbwi na eneo la jeshi, uliza mipaka kwenye mamlaka husika. Wenyeji hawajasahau mabomu ya kambi ya jeshi ya Februari 16, 2011, yaliyoua watu zaidi ya 20.

Bili ya mwisho ya maji ya DAWASA na deni kwenye LUKU navyo viangaliwe. Kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye umeme.

Nilipe vipi?

Kwa benki, kwenda akaunti yenye jina la muuzaji. Kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kiwe kidogo, kiandikwe, na pawepo sharti la kurudishwa upekuzi ukileta majibu mabaya. Makubaliano ya mdomo juu ya ardhi hayana nguvu mahakamani. Sheria inataka maandishi. Wakili mthibitishe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana vishoka wenye mihuri wapo wengi. Ofisi ya mtaa ikikudai asilimia 10 ya bei, omba uonyeshwe sheria inayoiruhusu na risiti ya serikali. Vyote viwili havitoki, na hapo ndipo kiasi hupungua.

Mambo yakiharibika?

Utapeli ni jinai: nenda polisi siku hiyo hiyo na risiti za benki. Mgogoro wa umiliki huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, linalosikiliza madai ya nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Mwenye karatasi zake zote na majina ya mashahidi waliosaini, wenye simu zinazopatikana, ndiye anayesikilizwa.